Jinsi ya kuutazama uigizaji katika filamu za zamani za Hollywood

Maswali ni yale yale kila mara. Bogart anasifiwa kwa lipi, mbona kama hafanyi kitu? Hawa watu wa zamani mbona wanaongea kama wanahutubia? Nimetazama nusu saa nikasinzia, nianzie wapi? Nimeyajibu kwa mdomo hadi nimeona heri niyaandike, hatua kwa hatua, ili anayeanza apate pa kushika.

Wengi wetu tumekuzwa na hadithi. Tunakaa mbele ya skrini kumfuata steringi: kaonewa, kalipiza, kaoa. Steringi hafi, na akifa tunanung'unika njia nzima ya kurudi nyumbani. Hakuna ubaya wowote. Ila ukitazama hivyo tu, utamsifu mwigizaji kwa sababu mhusika wake alikuwa mwema, na utamchukia mwingine kwa sababu alipewa nafasi ya adui. Kazi yenyewe itakupita. Mwongozo huu ni wa kukusaidia uione kazi, na kama utabaki na jambo moja tu humu, libaki hili: mtazame yule ambaye hasemi.

Andaa haya kwanza

Filamu moja, siyo kumi. Ninapendekeza *The African Queen* ya mwaka 1951, iliyoongozwa na John Huston, yenye Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Sehemu kubwa ya filamu ni watu wawili ndani ya boti moja ndogo ya mvuke, kwa hiyo huna wa kumtazama zaidi yao. Halafu hadithi yake iko kwetu. Ni Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914, na meli ya kivita wanayoiwinda ina asili yake katika Graf von Götzen, ambayo Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, ikaja kuibuliwa, na ndiyo hiyo hiyo MV Liemba ya Ziwa Tanganyika. Picha za nje zilipigwa Kongo na Uganda, nyingine studioni Uingereza. Inachukua dakika 105.

Kopi yenye sauti yake ya asili. Filamu zilizotafsiriwa na ma-DJ, zile tulizokulia nazo kwenye vibanda vya video, zina utamu wake na zimewafungulia wengi mlango wa sinema. Kwa kazi hii hazifai. Sauti ya mfasiri inakaa juu ya sauti ya mwigizaji, na sauti ni nusu ya alichokifanya.

Hedifoni, hata za bei ndogo. Daftari na kalamu. Muda wa saa mbili siku ya kwanza, na saa moja siku nyingine. Simu iwe chumba kingine.

Hatua ya 1: Rekebisha picha

Hatua hii wengi huiruka, kisha wanalalamika kwamba watu wa zamani walikuwa na nyuso pana. Filamu za kabla ya mwaka 1953 zilipigwa kwa picha inayokaribia mraba. Televisheni za sasa ni pana, na nyingi hujivutia picha zenyewe zijaze kioo chote. Uso ukivutwa, kila kitu kinaharibika: macho, mdomo, hata namna mtu anavyotembea. Ingia kwenye mipangilio ya picha, chagua 4:3 au ukubwa wa asili. Ukiona pande mbili nyeusi kushoto na kulia, umepatia. Zima pia kile kipengele cha kulainisha mwendo, kwa sababu kinafanya kila filamu ionekane kama tamthilia ya jioni.

Hatua ya 2: Itazame yote mara moja, bila kusimamisha

Usiandike chochote. Cheka penye kuchekesha, ogopa penye kuogopesha. Unahitaji kuijua hadithi ili baadaye isikusumbue tena. Ukishajua nani atapona, jicho linapata nafasi ya kuangalia mengine.

*Tahadhari:* usianze kwa vipande vifupi vya mitandaoni vyenye kichwa cha "uigizaji bora wa karne". Kipande cha dakika mbili kinakuonyesha mtu analia, lakini hakikuonyeshi saa nzima aliyoitumia kujizuia asilie.

Hatua ya 3: Chagua sini moja

Sini ni tukio moja ndani ya filamu. Dakika tatu hadi tano zinatosha. Kwa *The African Queen*, chagua sini ya ruba. Boti imekwama kwenye matete. Charlie, yaani Bogart, ameshuka majini kuivuta kwa kamba. Anapopanda tena, mwili umejaa ruba. Rose, yaani Hepburn, anawatoa kwa chumvi. Kisha boti bado haiendi, na wote wawili wanajua kwamba hakuna njia nyingine ila mtu ashuke tena kwenye maji yale yale.

Andika dakika inapoanzia na inapoishia. Utairudia mara nne.

Hatua ya 4: Zima sauti kabisa

Sasa tazama kama unatazama majirani wanaogombana ng'ambo ya barabara, usipoweza kusikia maneno lakini unajua nani amekosewa. Jiulize: macho yanakwenda wapi kabla mtu hajafungua mdomo? Nani anasogea, nani anabaki palepale? Mabega yanasema nini?

Katika sini ya ruba, angalia jinsi karaha inavyomwingia Bogart. Haiko usoni pekee. Mwili mzima unatetemeka, kama mtoto aliyetolewa kwenye maji baridi. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka kumi kabla ya hapo alijulikana kwa kucheza majabali yasiyotishika na bastola. Hapa anatetemeshwa na mdudu, na haoni haya. Halafu angalia kimya kinachofuata. Anayatazama maji. Hapo hakuna maneno ya ushujaa, kuna mtu anayehesabu gharama kisha anailipa.

Nikuambie pia kwamba picha za wao wakiwa majini zilipigwa ndani ya tangi studioni Uingereza, kwa kuwa maji ya huku yalihofiwa kwa kichocho. Ile karaha unayoiona aliitengeneza yeye.

Hatua ya 5: Rudisha sauti, funga macho

Vaa hedifoni usikilize sini ileile gizani. Usihangaike na maana ya kila neno. Sikiliza kasi, pumzi, mahali sauti inaposhuka. Kwa filamu hii kuna zoezi zuri zaidi la masikio: fuata jinsi Rose anavyomwita mwenzake. Anaanza na "Mr. Allnut", kwa sauti ya dada wa misheni anayemkaribisha fundi mchafu. Wanapita mawimbi, wanagombana, anamwagia pombe yake yote mtoni chupa baada ya chupa, wanapendana. Na ndipo, wakiwa tayari wapenzi, anamuuliza jina lake la kwanza ni nani. Sikiliza sauti yake hapo. Ni mwanamke mwingine, na huwezi kusema alibadilika dakika ipi.

Huston alimpa Hepburn maelekezo mafupi tu kuhusu nafasi hii. Alimwambia amfikirie Eleanor Roosevelt, mke wa Rais wa Marekani Franklin Roosevelt, anapowatembelea askari majeruhi hospitalini: tabasamu lile la kuwatia moyo watu, hata moyo wako ukiwa mzito. Ukishajua hilo, utaliona tabasamu hilo kila mahali, na utaona linavyopungua kadiri furaha ya kweli inavyoingia.

Hatua ya 6: Mtazame asiyesema

Hapa usikimbie.

Anayesema ana msaada wa maneno. Anayesikiliza hana kitu ila mwili wake, na hapo ndipo utajua nani ni fundi. Rudia sini yako tena, ila safari hii kila mtu anapoanza kusema, mwangalie mwenzake. Mwanzoni ni vigumu, kwa sababu jicho limezoea kukimbilia sauti. Lilazimishe.

Anza na jambo jepesi. Mwanzoni mwa *The African Queen*, Charlie amekaribishwa chai na Rose na kaka yake mchungaji. Tumbo lake linaanza kunguruma. Rose na kaka yake wanajifanya hawasikii. Kila aliyewahi kukaa ugenini na tumbo likamwaibisha anaijua hali ile. Mtazame Hepburn: adabu imemkaza kama kamba, na kila ngurumo inaikaza zaidi.

Ukishaweza hapo, tafuta *Double Indemnity* ya mwaka 1944, iliyoongozwa na Billy Wilder. Barbara Stanwyck anaendesha gari usiku. Mumewe amekaa kando yake, na nyuma ya kiti amejificha mwanamume aliyepanga naye kumuua. Anapiga honi mara tatu, ndiyo ishara. Mauaji yanafanyika pale pale ubavuni mwake, lakini hatuonyeshwi. Kamera inabaki usoni mwa Stanwyck. Hageuki. Macho yako barabarani. Kitu kinapita ndani ya yale macho, na mwishoni mdomo unalegea kidogo kwa namna ambayo huwezi kuiita tabasamu, wala huwezi kuiita kitu kingine. Nimeitazama sini hiyo mara nyingi na bado inanisisimua mwili.

Sasa iweke kando ya *The Little Foxes* ya mwaka 1941, ya William Wyler. Bette Davis amekaa kitini. Mumewe ana ugonjwa wa moyo, chupa ya dawa imevunjika, anamwomba msaada. Davis hanyanyuki. Mume anajikokota kuelekea ngazini nyuma yake, na sisi tunamwona ukungu ukungu tu, kwa kuwa kamera imemshikilia Davis. Hamtazami. Anasikiliza kwa mgongo. Shingo, taya, mikono, kila kitu kimeganda kumsubiri mtu afe.

Wanawake wawili, waume wawili wanaokufa pembeni ya picha, na kamera isiyotaka kuondoka usoni. Stanwyck amejaa mwendo uliofichwa. Davis amejaa ubaridi. Tazama sini hizi mbili jioni moja, moja baada ya nyingine. Utajifunza zaidi ya kusoma kurasa mia.

*Tahadhari:* si kila uso mtulivu una mambo. Mwishoni mwa *Queen Christina* ya mwaka 1933, Greta Garbo amesimama mbele ya merikebu akitazama mbali, na watu wameuona huzuni, ujasiri na upendo katika uso ule. Mwongozaji Rouben Mamoulian alimwambia asifikirie chochote, uso uwe mtupu kama kinyago. Huzuni uliyoiona uliileta wewe na hadithi. Kwa hiyo jiulize daima: je, huyu anafanya kitu, au mimi ndiye ninayemjazia? Majibu yote mawili yanakubalika, ila ujue ni lipi.

Hatua ya 7: Fuata mikono na vitu

Katika *On the Waterfront* ya mwaka 1954, Marlon Brando na Eva Marie Saint wanatembea pamoja. Glavu ya binti inaanguka. Brando anaiokota, anaifuta vumbi, anakaa kwenye bembea, na badala ya kuirudisha anaanza kuivaa mkononi mwake. Binti hawezi kuondoka, glavu yake iko kwa mwenzake. Kijana mgumu wa bandarini, na mkono umeingia ndani ya kitu kidogo cheupe cha mwanamke. Jambo ambalo angechukua dakika kumi kulisema, glavu imelisema.

Rudi *Double Indemnity*. Mzee Keyes, ambaye ni Edward G. Robinson, hana kiberiti kamwe. Kila biri yake huwashwa na Neff, yule aliyejificha nyuma ya kiti, kwa kijiti kilichosuguliwa kwa ukucha. Fuata viberiti hivyo kuanzia mwanzo hadi sini ya mwisho, uone ni nani anamwashia nani.

Swali la kujiuliza: kitu hiki kikiondolewa, sini inapungukiwa na nini? Kama haipungukiwi, kilikuwa pambo.

Hatua ya 8: Mtafute mwigizaji yuleyule kwingine

Mtazame Bogart katika *Casablanca* ya mwaka 1942. Mikono haina papara, sauti haipandi, maumivu yamefungiwa kabatini. Kisha rudi kwa yule Charlie anayeiga viboko na nyani ili kumchekesha Rose. Mtu ni mmoja. Kilichobaki kile kile katika filamu zote mbili ni chake mwenyewe. Kilichobadilika ni kazi.

Ukiwa bado katika *Casablanca*, ingoje sini ambapo Ingrid Bergman anamwomba Sam apige wimbo wa zamani. Dooley Wilson, ambaye ndiye Sam, anaimba, kamera inabaki usoni mwa Bergman. Anasikiliza tu. Wakati filamu inapigwa, hati ilikuwa bado inaandikwa, na Bergman alikuwa hajaambiwa ni mwanamume yupi atakayeondoka naye. Utaona faida yake.

*Tahadhari:* usichague kwa orodha ya Oscar. Bogart aliipata kwa *The African Queen*, sawa. Lakini Stanwyck hakuwahi kushinda kwa nafasi yoyote, akapewa tuzo ya heshima mwaka 1982, na Robinson hakuwahi hata kuteuliwa.

Hatua ya 9: Andika sentensi tatu

Usiandike "ameigiza vizuri sana", wala "ana kipaji". Andika alichofanya, kwa kitenzi. "Anayatazama maji, anamtazama Rose, anarudi kuyatazama maji." Ukilazimika kutumia vitenzi, utagundua haraka kama uliona au ulikisia. Nikiwa na wenzangu, kila mtu huandika zake kimya kabla hatujaanza kuongea, vinginevyo mwenye sauti kubwa ndiye anayeona kwa niaba ya wote.

Nadharia kidogo, inatosha

Sauti ilipoingia mwaka 1927, studio zilihitaji watu wanaojua kusema, wakachukuliwa wengi kutoka jukwaani. Ndiyo maana katika filamu za miaka ya 1930 unasikia lafudhi iliyosanifiwa, si ya Uingereza wala ya mtaa wowote wa Marekani. Kuanzia mwaka 1934 hadi 1968 kanuni za maadili zilibana kinachoweza kuonyeshwa, kwa hiyo tamaa nyingi zilihamia kwenye macho, sigara na mzaha. Mwaka 1947 ikaanzishwa Actors Studio, warsha ya waigizaji mjini New York, na mtindo wa kuigiza kutoka ndani, wenye kigugumizi na maneno yaliyomezwa, ukasambaa. Usimpime mtu wa mwaka 1935 kwa kipimo cha Brando. Hawakuulizwa swali lile lile.

Ukikwama

*Nasinzia.* Umeanza na filamu ndefu, au umeanza usiku sana. Jaribu *His Girl Friday* ya mwaka 1940, dakika 92, ambapo Cary Grant na Rosalind Russell wanaongea mmoja juu ya mwingine kwa kasi ya ajabu. Hakimiliki yake Marekani imekwisha, kwa hiyo inapatikana bure mtandaoni kihalali. Ipakue palipo na Wi-Fi usimalize bando. Ila kama Kiingereza kinakusumbua, iache kwanza.

*Kiingereza chao sikipati.* Weka maandishi ya chini ya picha mara ya kwanza tu. Ukirudia sini, yaondoe. Macho yakisoma chini hayawezi kuwa usoni, na uso uko juu.

*Naona wanatia chumvi.* Angalia kama mhusika mwenyewe ndiye anayetia chumvi. Mtu anayejigamba mbele ya wageni anaigiza hata katika maisha. Kama si hivyo, basi huenda kweli mwigizaji amezidisha; filamu ya zamani haiwi nzuri kwa uzee wake. Sema hivyo bila woga, ukionyesha mahali.

*Filamu za kimya, watu wanakimbia kama siafu.* Kopi inachezwa kwa kasi isiyo yake. Tafuta iliyorekebishwa. Anza na *City Lights* ya Charlie Chaplin, mwaka 1931: binti aliyekuwa kipofu anamtambua aliyemsaidia kwa kumshika mkono. Zoezi zima la hatua ya 4 na ya 7 limo humo.

*Nakerwa na namna Waafrika wanavyoonyeshwa.* Una haki ya kukerwa. *The African Queen* inaanza na waumini wa kijijini wakiimba tenzi kwa fujo, kana kwamba Mwafrika hajui kuimba, na baada ya hapo hawana nafasi ya maana tena. Usilifunge jicho lako hapo ili uendelee kusifia yanayofuata. Liandike nalo daftarini. Kisha fanya jambo la ziada: tafuta waigizaji weusi waliofanya kazi kubwa ndani ya nafasi ndogo walizopewa. Hattie McDaniel alicheza yaya katika *Gone with the Wind* ya mwaka 1939, akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kushinda Oscar, na usiku wa kuipokea mwaka 1940 alikalishwa meza ya pembeni, mbali na wenzake wa filamu ile. Tafuta sini ambapo anapanda ngazi na Olivia de Havilland, akimsimulia jinsi baba alivyojifungia na maiti ya mtoto wake na kukataa azikwe, kwa kuwa mtoto alikuwa akiogopa giza. McDaniel ndiye anayesema karibu muda wote. Mara ya kwanza msikilize yeye, anavyopanda kila ngazi na uzito wa habari ile. Mara ya pili mtazame de Havilland.